Siku Nilipompa Baba Mdogo Jina Zuri

Mkasa huu nauandika kwa sababu kuusimulia kwa mdomo siwezi, nikianza tu uso unawaka moto na sauti inaniishia, lakini kwa kuwa hapa Butimba kila mtu anausimulia anavyotaka (juzi nimesikia eti hata jeneza lilikuwa limeshanunuliwa, uongo mtupu), bora nyie rafiki zangu muupate kwangu mimi niliyeusababisha, halafu tusiongelee tena.

Baba yangu mdogo anaitwa Jalala. Siyo jina la utani. Ndilo alilopewa na bibi alipozaliwa, ndilo aliloandikishwa shule, na ndilo mtaa mzima unalomwita: Jalala fundi baiskeli, Jalala ambaye ukitokea msiba ndiye wa kwanza kufika na chepe lake na wa mwisho kuondoka. Basi uchaguzi wa mitaa ulipofika akagombea uenyekiti, na sisi nyumbani tukafurahi sana, mpaka tulipojua mpinzani wake ni nani. Ni Bwana Ushindi, yule mwenye duka la mabati. Hebu fikirini mtu yuko ndani na karatasi ya kura, hapa pameandikwa Ushindi, hapa pameandikwa Jalala, wewe ungeweka wapi alama? Mimi nilijua moyoni kwamba baba mdogo anakwenda kushindwa na jina lake mwenyewe, na shuleni (niko kidato cha tatu) wasichana wa darasani kwetu walikuwa wanajua zaidi yangu, kila asubuhi wananiuliza, "Kwani kura ni taka, tukazitupe jalalani?" Mimi ambaye hata mwalimu akiniuliza swali ninalolijua nanyamaza, nilicheka nao, halafu nikaenda kulia chooni.

Sasa kwa kuwa naandika vizuri kwa brashi, baba mdogo akanipa kazi ya bango la mkutano wa kufunga kampeni. Akaniletea shuka jeupe na kopo la rangi nyeusi, akasema andika jina langu, kubwa, mtu alione akiwa kule barabarani. Nikapiga magoti juu ya shuka, brashi ikidondosha rangi, na hapo ndipo nilipoamua kajambo kadogo tu: nikaandika jina lake la ubatizo, ambalo nilikuwa nimelisikia mara moja maishani, padri alipomfungisha ndoa. JEROME MASANJA. Jamani, mtu akiitwa Jerome unamwona kabisa amekaa ofisini. Juu yake nikabandika picha yake ya suti ya siku hiyo hiyo ya ndoa, niliyoipeleka studio Mirongo ikakuzwa, ambamo hakutabasamu kwa sababu viatu vilikuwa vinambana. Pembeni nikaona pako patupu, nikachora maua. Chini nikaandika DAIMA TUKO NAWE. Nikalikunja nikasema sionyeshi mtu, itakuwa sapraizi.

(Wakubwa mnaosoma hapa mmeshaelewa. Mimi sikuelewa.)

Jumamosi turubai likafungwa uwanjani, viti vya kukodi vikapangwa, akina mama wakabandika masufuria pembeni. Baba mdogo alikuwa ameondoka asubuhi na pikapu kwenda kumchukua bibi Usagara na kupitia spika mjini. Bango langu lilifungwa kwenye miti miwili na vijana ambao walikuwa wanabishana mpira, wala hawakulisoma.

Tatizo ni kwamba kwetu huku jina la ubatizo la mtu mzima hulisikii ovyo. Unalisikia siku anayozikwa, padri analisoma, limeandikwa msalabani, na watu mnanong'onezana kumbe naye alikuwa anaitwa Jerome. Na sasa hapo kuna shuka jeupe, maandishi meusi, picha ya suti, maua, turubai, masufuria, na mwenyewe hayupo.

Wa kwanza kupita alikuwa Mama Kulwa, muuza dagaa. Alisimama, akasoma, akatua ndoo yake, akaweka mikono kichwani, akaniuliza yuko wapi. Nikamjibu kwa kunong'ona (ndiyo sauti pekee niliyo nayo) kwamba yuko njiani, analetwa na pikapu saa nane.

Kilio alichopiga Mama Kulwa kilifika ziwani. Wapishi wakasikia, na mama yangu, ambaye asubuhi ile alimpa baba mdogo chai kwa mkono wake, akajua ni ajali ya barabarani, akaangusha mwiko na yeye akaanza. Kutoka hapo sikuweza kuzuia kitu. Watu wakashuka kutoka mlimani kwenye nyumba zilizojengwa juu ya mawe, akina mama wamejifunga kanga kiunoni, wengine na kuni, wengine na unga, na wanaume wakakaa kwenye viti vyetu vya kampeni. Vijana wawili walishakwenda kwenye kibanda cha baba mdogo kuchukua machepe yake ili wakamchimbie.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Nilijaribu. Lakini kila nilipofungua mdomo alitokea mzee mwingine mbele yangu, lazima nimpe shikamoo, naye anajibu marahaba, pole mwanangu, jikaze. Nitamkatizaje mtu mzima anayenipa pole? Mpaka nimemaliza shikamoo moja, nyingine imefika. Nikaishia kujificha nyuma ya sufuria la wali.

Halafu akaja Bwana Ushindi mwenyewe. Wafuasi wake walikuwa wamegeuza fulana zao ndani nje kwa heshima ya msiba. Akavua kofia, na kwa kuwa hapakuwa na mgombea mwingine, wakamwomba aseme mawili matatu.

"Ndugu zangu," akasema, "nilikuwa nashindana naye, lakini leo tusidanganyane. Baba yangu alipofariki mvua ilikuwa inanyesha, na aliyeingia kaburini kuchota maji kwa ndoo ni Jalala. Angekuwa hai, mtaa huu ulikuwa wake."

Watu wakalia upya. Nami nikalia, maana alisema vizuri.

Hapo ndipo pikapu ikakata kona. Nyuma ilikuwa imebeba spika, lile kubwa refu, limelazwa na kufunikwa shuka lisipate vumbi. Uwanja mzima ukasimama kulipokea. Na nyuma ya shuka akainuka baba mdogo, akapunga mkono.

Safu tatu za mbele zilihamia nyuma bila mtu kuambiwa. Mama Kulwa alipita juu ya ndoo yake mwenyewe. Baba mdogo akashuka, akawa anauliza amekufa nani, amekufa nani, na watu wakanyoosha tu vidole kwenye bango. Akalisoma polepole.

"Huyu si mimi?"

Kisha akauliza nani ameandika. Wale vijana wa mpira wakaniangalia, na nyuma yao uwanja wote. Mtu akanishika mkono, akanitoa nyuma ya sufuria, akanipa kipaza sauti cha lile spika, ambalo vijana walikuwa wameshaliwasha pale pale kwenye pikapu, na Butimba nzima ikasikia nikimeza mate.

"Jerome ndiye Jalala," nikasema. "Hajafa. Nilitaka tu awe na jina zuri."

Bibi akateremshwa kutoka mbele ya pikapu, akaja na fimbo yake mpaka nilipo, na kile kipaza kikiwa bado mkononi mwangu kikatangaza kila neno lake. Akaniambia baada ya baba yangu watoto watatu walifuatana kufa wachanga, ndiyo maana huyu alipozaliwa alimfunga kwenye kanga akamlaza jalalani, jirani akamwokota kama kitu kilichotupwa, ili kifo kikipita kione hapa hakuna kinachotakiwa.

"Miaka yote hii kinampita," bibi akasema. "Wewe mjukuu wangu umekwenda kukiandikia yuko wapi. Tena kwa herufi kubwa."

Aliyeanza kucheka ni baba mdogo. Wakafuata wote, isipokuwa Bwana Ushindi, ambaye alibaki ameshika kofia yake kifuani kama mtu anayehesabu maneno aliyoyasema.

Baba mdogo alishinda. Siku ya matokeo Mama Kulwa alinieleza siri yake huku ananifungia dagaa: ukishamlilia mtu mpaka ukagaragara, ukaja kumkuta mzima, unaona aibu kumnyima kura.

Adhabu yangu ilikuwa kuandika bango la shukrani, JALALA, herufi ndefu kama mimi, na kulisoma kwa sauti mbele ya watu. Nilisoma. Lile shuka la Jerome bibi amesema lisitupwe wala lisikae nyumbani, amelifua akampa Mama Kulwa analianikia dagaa, na nikipita pale najifanya silioni. Nimeapa sitamtengenezea tena mtu jina. Hata kama anaitwa Makaburi, nitaandika Makaburi, na maua sichori.