Tembo la Mnazi Chini ya Volkano

Niliondoka Kilifi kwa sababu nilichekwa. Katika kikao cha kuwasilisha tasnifu yangu ya uzamivu, mtahini mmoja aliifunga nakala yake, akaniuliza mbele ya watu kama utafiti ule niliufanya nikiwa timamu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sura iliyomchekesha ilihusu tembo la mnazi: namna Wagiriama wanavyolitumia katika posa, katika kusuluhisha ugomvi na katika matanga. Msimamizi wangu alinishauri kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza zaidi, kwamba niiondoe sura hiyo, nibakize ile ya mavuno ya nazi. Alitaka jibu nitakaporudi kutoka Mexico, ambako nilikuwa nimepata ufadhili wa kwenda kulinganisha. Tangu siku ile nilikuwa nikiandika majibu kichwani, nikiyafuta, nikiyaandika upya.

Asubuhi ya safari, nyumbani Tezo, baba alikuwa ndiyo kwanza ameshuka mnazini. Yeye ni mgema. Kisu chake kilikuwa bado kiunoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo safari?"

"Ndiyo. Naenda kuwaona wagema wenzako."

"Hata huko wana mangwe?" Mangwe ndivyo tunavyoviita vilabu vyetu vya mnazi.

"Sijui bado, baba."

"Haya. Ukikuta wanatia maji, usiseme wewe ni wa kwangu."

Nilicheka, lakini sikumweleza lolote kuhusu kikao. Kuiondoa sura ile kungekuwa ni kumwambia mtu huyu kwamba kazi iliyonisomesha haifai kutajwa mahali iliponifikisha.

Baada ya ndege kadhaa, ambazo sina la kusimulia juu yake isipokuwa uchovu, nilipanda basi kutoka Guadalajara. Barabara iliteremka kando ya makorongo, ikapita mashamba ya mimea inayofanana na mkonge wetu, kisha miwa. Halafu nikauona mnazi. Nikaona na mwingine. Nikaanza kuvikagua vilele vyake kama afisa wa kilimo, nikitafuta dalili za kugemwa. Mbele yetu ulisimama mlima wa volkano, kilele chake kikifuka moshi mwembamba, na chini yake ulikuwa mji wa kale wa Colima.

Hoteli niliyofikia ilikuwa ndogo, zamani nyumba ya familia. Kwa nje ilikuwa ukuta mtupu na mlango mzito wa mbao, kama zile nyumba za mji wa kale wa Malindi ambazo hazimwonyeshi mpita njia kitu. Kwa ndani palikuwa na ua ulio wazi kwa mbingu, chemchemi, vigae vya buluu, na vyumba vichache vilivyopangika kando ya baraza. Mwenyewe aliitwa Doña Amparo. Hilo la kwanza ni neno la heshima kwa mama wa makamo. Aliwahi kufanya kazi Marekani, hivyo tulielewana kwa Kiingereza chake na Kihispania changu cha kubahatisha.

Alasiri ya kwanza nilitoka hadi kwenye bustani iliyo kando ya kanisa kuu. Hapo nilimwona mwanamume aliyebeba buyu kubwa begani, akimimina kinywaji cheupe. Wanafunzi waliovaa sare walikuwa wakikinywa kwa karanga, na wazazi wao wamesimama papo hapo. Kinaitwa tuba. Ni tembo la mnazi, likiwa bado tamu.

Niliporudi hotelini nilikuta Doña Amparo amekwisha kununua la kutosha kuwakaribisha wageni wote uani. Akanipa glasi. Bila kufikiri, nikamrudishia.

"Anza wewe."

Uso ukamkunjika. "Una shaka na nyumba yangu? Hapa amelala askofu! Tumbo halikumuuma!"

Wageni wakageuka kunitazama. Mimi niliyejaza kurasa nyingi kuhusu desturi hii, sikuwa nimewahi kuwaza jinsi inavyosikika kwa asiyeijua. Nikaeleza kwa haraka kwamba kwetu anayekaribisha ndiye anayeonja kwanza, ili mgeni aone kwamba hakuna kilichotiwa ndani. Asipoonja, hata ukweni hunywi.

Doña Amparo alinitazama, akainua glasi, akainywa yote.

"Umeona? Sikufa. Ila yako imekwisha."

Ua mzima ukacheka, nami nikacheka nao. Nilipoletewa nyingine, ladha ilikuwa ile ile ya tembo la alfajiri ambalo baba hutuonjesha kabla halijakolea.

Jioni tulikaa barazani, nikamsimulia habari ya kikao. Alisikiliza huku akimenya karanga.

"Hapa ugema tulifundishwa na watu wa Ufilipino, waliokuja kwa meli za Wahispania," alisema. "Kisha watawala wa Kihispania wakaamuru minazi ikatwe, kwa kuwa divai yao ilikosa wanunuzi."

"Ikakatwa?"

"Wewe leo umekunywa nini?"

Nikachukua karanga, nikaimenya.

"Na hao walimu wako, kwenye sherehe zao wanakunywa nini?"

"Divai."

"Na nani huwauliza kama wako timamu?"

Nilitaka kumjibu kitaaluma: kwamba kwao huuzwa likiwa tamu na kwetu huachwa likolee, kwamba ulinganisho una mipaka yake. Yote hayo ni kweli, na yamo katika tasnifu. Lakini niligundua kwamba nilikuwa nikiwatafutia watahini wangu hoja.

Siku zilizofuata Doña Amparo alionja kwanza mbele ya kila mgeni, akitangaza, "Desturi ya Afrika!"

"Ya Wagiriama," nilimsahihisha.

"Ya Wagiriama!" alirudia, kwa sauti kubwa zaidi.

Niliporejea, kabla hata sijafungua mizigo, nilikwenda kwa msimamizi wangu.

"Umeamua?"

"Sura inabaki, mwalimu. Tena nimeiongezea kurasa."

"Yule bwana ataikataa."

"Aikatae kwa maandishi, aeleze sababu. Kicheko si hoja."

"Huenda ukachelewa kuhitimu."

"Basi nichelewe."

Alishusha pumzi, akaandika kitu, akaniambia nijiandae kwa kikao cha pili.

Nilichojifunza Colima ni kwamba aibu haimo katika tembo. Kinywaji kile kile kinanywewa na watoto mbele ya kanisa kuu, na hakuna anayegeuka kutazama nani anamwona. Aibu nilipewa ukumbini, nami nikaipokea kwa mikono miwili kana kwamba ni yangu. Sitaipokea tena. Kwa kikao kijacho nimemwalika baba, na nimemwekea kiti safu ya mbele. Atakayetaka kucheka, acheke akimtazama usoni.