Kumpita Baba Mkwe

Mume wangu alikuwa na swali moja la kuniudhi. Baiskeli ni ile ile, barabara ni ile ile, miguu ni yako ile ile, sasa kwa nini jana ulifika kazini kwa nusu saa na leo umetumia saa nzima? Yeye hupanda pikipiki. Mtu wa pikipiki hajui lolote kuhusu barabara. Anapita tu kama mgeni aliyekataa chai.

Ningeweza kumweleza mengi. Kuna siku za upepo, ukikanyaga unahisi kama kuna mtu amekushika sketi kwa nyuma. Kuna siku za mvua, udongo unajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma, unashuka na kuukwangua kwa kijiti huku ukinong'ona maneno ambayo mama yangu hakunifundisha. Kuna siku za soko, mbuzi katikati ya njia na wenye mbuzi katikati ya mazungumzo. Na kuna zile asubuhi nilizogombana naye yeye mwenyewe kabla ya chai. Hizo nilipaa! Hasira ni mafuta, bana.

Lakini sababu kubwa sikupenda kumtajia, kwa kuwa ilikuwa ni baba yake.

Mimi nilizaliwa Kibomet, pale Kitale, kwa watu ambao babu zao walihama kutoka Kenya ya kati wakitafuta shamba. Kwetu kuchelewa ni dhambi karibu sawa na wizi. Baiskeli nilifundishwa na kaka zangu, nikaanguka, nikainuka, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba duniani kuna mtu asiyepitwa barabarani. Kisha nikaolewa Bungoma, kwa Wabukusu, ndani ndani kidogo kutoka Misikhu, na baada ya mtoto wetu kuacha kunyonya nikapata kazi pale Misikhu kwenye kituo cha kupokea maziwa.

Kazi yangu ilikuwa kupima. Hakuna tone lililoingia kwenye tangi kabla sijalipima, na funguo za mlango nilikuwa nazo mimi. Saa moja kamili foleni ilikuwa imefika barabarani. Maziwa hayasubiri mtu. Nikichelewa, jua linayapata kwenye mitungi, yanaanza kuchacha, halafu ni mimi huyo huyo natakiwa kumwambia mama wa watu arudi nayo nyumbani. Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Kule nyumbani nilikuwa mke wa mtu, ati yule Mkikuyu wa baiskeli. Pale kituoni nilikuwa mpimaji, na watu wazima walinyamaza nikishika kipimo.

Sasa, baba mkwe alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa kwenye veranda ya duka huko huko Misikhu, na yeye pia alienda kwa baiskeli, ile nyeusi nzito ya zamani, saa ile ile ninayotoka mimi. Wiki yangu ya kwanza nikamwona mbele. Nikapiga kengele, nikampita kwa furaha zangu zote, nikampungia mkono: "Baba, habari ya asubuhi!" Mzee aligeuza usukani akaingia kwenye miwa na baiskeli yake yote.

Jioni mama mkwe akaniita jikoni.

"Mama," akaniuliza, "leo umempita mzee?"

"Ndiyo, mama. Nilikuwa nachelewa."

"Woi! Hapa kwetu mtu hapitangi baba mkwe kwa balabala. Humpi mkono, humkaribii, hukai penye amekaa. Ukimkuta, unangoja aende. Si ati anakuchukia. Hiyo ndiyo heshima."

"Na kama anaenda polepole?"

"Basi na wewe enda polepole," akasema, akacheka mpaka akafuta macho kwa leso.

Kuanzia hapo mwendo wangu ukawa mwendo wa mzee. Akitangulia, nilikaa nyuma hatua hamsini. Na mzee huyo hakuwa na haraka na mtu! Alisimama kuuliza hali ya ng'ombe wa huyu, goti la yule. Kilima kikianza, alishuka akasukuma, nami nikashuka nikasukuma, na miguu yangu mizima. Watu wa pale njiani walinitania, "Wewe ndiye askari wa mzee?" Nilimjua mgongo kuliko uso. Ukweli ni kwamba kuna asubuhi nilimchukia, na nikajichukia kwa kumchukia, maana hakuwa amenikosea kitu.

Nikachelewa. Nikachelewa tena. Mwenyekiti wa kituo akanisimamisha mbele ya foleni, akasema hii ni ya pili, ya tatu nilete funguo. Jioni nikamlilia mume wangu. Akakuna kichwa. "Sasa mimi nitamwambia nini mzee? Ati akanyage haraka?"

Siku mbili baadaye, karibu na kalavati, pale maji yanapopita chini ya barabara, nikaona mzee ameshuka. Ameisukuma baiskeli mpaka kwenye ua, amechuchumaa kwenye cheni, mgongo ameipa barabara. Nikasimama. Akakohoa mara moja. Nikangoja. Akakohoa tena, safari hii kama mtu anayekasirikia mjinga. Nikainamisha kichwa nikapita, na sikugeuka nyuma mpaka Misikhu. Kesho yake cheni ikamtoka tena, pale pale. Na kesho kutwa.

Nilimhurumia. Mwezi ulipoisha nikanunua cheni mpya, nikampa mume wangu ampelekee. Akarudi nayo mkononi, amejaa kicheko.

"Mzee anasema asante, lakini cheni yake haijawahi kuwa na shida."

Nikakaa chini. Kumbe mzee mzima, na magoti yake, alikuwa akichuchumaa kwenye umande kila asubuhi ili mimi nipite bila kuvunja heshima ya mtu. Nilitaka kwenda kumshukuru. Mume wangu akanikataza kabisa. "Ukimshukuru, utakuwa umemwambia umeona. Na ukiona, hawezi kufanya tena." Basi nikamshukuru kwa njia niliyoweza: nilikanyaga. Miezi mingi hakuna mtungi uliochacha kwa sababu yangu.

Halafu ikaja ile asubuhi. Mtoto alikuwa amekohoa usiku, nikaamka nimechelewa, na barabara ilikuwa matope. Mzee nilimkuta kabla ya kalavati, amechuchumaa kwenye nyasi, mgongo kwangu. Nikasema moyoni, asante baba, Mungu akuweke. Nikapita. Mteremko ulinichukua vizuri, nikaanza kuamini nitawahi.

Nilikuwa nimeshaona bati la kituo ndipo kitu kikanigusa. Sikuwa nimesikia kikohozi. Na baiskeli yake ilikuwa imelala chini, mzee ambaye hakuwahi kuilaza baiskeli hata kwenye kivuli. Nikabishana na nafsi yangu. Labda amesahau. Labda koo limekauka leo. Foleni ya mitungi niliiona kwa macho yangu, na zilibaki dakika tano. Nikageuza.

Kile kilima cha kurudi sikuwa nimewahi kukipanda bila kushuka. Siku hiyo nilikipanda.

Alikuwa vile vile nilivyomwacha. Nilisimama mbali, mpaka leo inaniuma kwamba nilisimama mbali, nikaita, "Baba!" Nikaita tena. Hakugeuka. Basi nikaitupa baiskeli nikaenda nikamshika. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea na mkono umekuwa mzito, lakini macho yalikuwa yananiangalia. Alisogeza midomo, maneno hayakutoka. Nikamlaza mapajani mwangu, nikapiga mayowe mpaka watu wakatoka mashambani. Gari likapatikana. Mpaka hospitalini Bungoma sikuuachia ule mkono.

Nilipofika kituoni ilikuwa mchana. Maziwa ya watu yalikuwa yamemwagwa kwenye mtaro. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema pole sana. Halafu akasema waliomwaga maziwa nao wanataka kusikia kitu. Nikavua funguo kwenye kamba ya shingoni, nikaziweka mezani. Nikatembea mpaka pale nilipoitupa baiskeli, nikarudi nyumbani naisukuma.

Mzee akaruhusiwa kutoka baada ya siku chache. Nilikuwa najiuliza wazee watasema nini kuhusu mimi kumshika. Mama mkwe ndiye aliyesema. "Umeshamshika, umeshamshika. Mimi mikono yangu inatetemeka. Nani atamnywesha uji?" Akaniwekea kiti karibu na kitanda. Mzee akafumba macho mara ya kwanza, kwa aibu au kwa heshima, sijui. Kijiko cha tatu akayafungua.

Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za kazi. Kila asubuhi nilimlisha mapema, nikavaa vizuri, nikatoka na baiskeli kama kawaida, nikaenda kumlimia jirani mahindi mpaka jioni.

Ilikuwa kama siku ya kumi hivi, bakuli likiwa limefika nusu, akainua ule mkono mzima akanizuia kijiko. Maneno yalimtoka moja moja, akiyatafuta. Hakuwahi kuniambia kitu uso kwa uso tangu niolewe.

"Mama," akasema. "Siku ile... uliwahi kazi?"

"Niliwahi, baba."

Akafungua kinywa, nikamalizia kumlisha uji.