Lorna na Nukta ya Kijani

Lorna Vandehey aliingia maabara moja ya chuo kikuu mjini Madison akiwa na miaka kumi na tisa, akiosha chupa. Sasa ana arobaini na mmoja, chupa anaosha mwingine, naye kazi yake ni kulea hamira na kuipiga picha kwenye darubini. Lakini wiki ya tatu hii, hamira ilikuwa inamtoa roho.

Hamira ni vijidudu vya seli moja moja, na huzaa kwa kuchipua: mtoto humtoka mama ubavuni, kidogo kidogo. Protini zinazosukuma mizigo nje ya seli hukusanyika kwenye ncha ya yule mtoto, maana ndiko anakokulia. Lorna aliitia mojawapo ya protini hizo ung'avu wa kijani, ili aonyeshe imekaa wapi. Alitarajia nukta moja nchani. Kila akichungulia, kijani kimetapakaa seli nzima kama mafuta juu ya mchuzi.

"Vipi Lorna, protini yako haina kwao?" alimtania Brent, mwanafunzi aliyeikalia darubini kutwa.

"Ondoka kwenye hicho kiti, ndio tutajua."

Bosi wao, Profesa Ingrid Hallquist, hakutania. "Ijumaa kama hakuna picha, tunaiacha kazi hii. Chupa zote zimwagwe."

"Miaka miwili ya kazi, Ingrid!"

"Najua, dada. Najua."

Alhamisi mchana alikula mkate wake wa jibini huku akipekua daftari kwa hasira. Picha moja tu iliwahi kutoka vizuri: Januari, siku theluji ilipofunga barabara, akawa peke yake. Siku ile hakupanga foleni ya darubini. Siku nyingine zote aliweka tone la hamira kwenye kioo mapema, likabanwa humo saa nzima, bila hewa wala chakula, likimngoja Brent amalize.

"Umemnyima mtoto kula, halafu unamuuliza mbona hakui," alijisemea. Machozi yakamlenga.

Zamu yake ilipofika, alikitupa kile kioo, akashuka chumba cha darubini na chupa yenyewe ya hamira, akiitikisa njia nzima ipate hewa. Tone jipya. Akachungulia.

Nukta. Kila mtoto na yake, nchani kabisa.

Mlango ukagongwa. Ni Brent. "Lorna, nimebakiza picha mbili tu, nipishe kidogo!"

"Gonga mpaka vidole viote sugu," akajibu, akabonyeza kamera. Akabonyeza tena.