Dakika Mbili kwa Kila Ng'ombe

Wenzake machinjioni walimbatiza Dakika Mbili, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na mama yake. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mfupi, mwenye mabega ya mbeba magunia, na kazi yake ilikuwa kuzimisha ng'ombe. Mnyama akiingizwa kwenye kizimba cha chuma, yeye husimama juu ya kidaraja, humwekea bastola ya kuzimishia katikati ya paji la uso, na chuma hutoka kwa kishindo. Ng'ombe huanguka mzimamzima. Kisha humgusa jicho kwa kidole. Jicho lisipopepesa, hupiga kelele, "Haya!" Hapo shemeji yake, mume wa dada yake, huvuta mlango, mnyama akaporomoka chini, na shemeji akamfunga mnyororo mguuni, akamnyanyua, akampitisha kisu shingoni. Damu hutoka kwa ndoo. Baada ya dakika mbili anaingia mwingine. Hivyo hivyo tangu asubuhi hadi saa tisa, kwa miaka kumi na mmoja.

Na usiniambie kazi ni kazi. Simama pale siku moja tu, halafu uniambie. Dakika Mbili alikuwa amechoka kuua, na hakuona haya kulisema.

Ghorofani, nyuma ya kioo, kulikuwa na ofisi ya mauzo. Waliokaa mle walipanga ng'ombe wangapi wafe kesho, ilhali hawajawahi kunusa hata kwato. Wote walipitia chuo cha biashara. Chuo hicho kilikuwa na mtihani wa kuingia, mara moja kwa mwaka, maswali tisini kwa saa tatu. Dakika Mbili akapiga hesabu, akacheka.

"Shemeji, ni dakika mbili kila swali," alisema. "Mimi naua kwa dakika mbili, nitashindwa kujumlisha?"

Basi akayaandika maswali ya mitihani iliyopita kwenye vikadi, akavitia kwenye nailoni damu isivifikie, akavining'iniza shingoni. Karatasi ya majibu alikaa nayo shemeji, ndani ya kofia. Ng'ombe akianguka, Dakika Mbili anasoma swali. Kabla mwingine hajaingia, anapaza sauti, "Mia na arobaini!" Na shemeji, kisu mkononi, damu mpaka viwikoni, anavua kofia, anachungulia, anajibu, "Ndiyo!" au "Umeula wa chuya!" Wachuna ngozi hawakuwa na mbavu. Mmoja alisema siku hizi hata ng'ombe wanakufa wakiwa wameelimika.

"Ukipanda huko juu, shemeji, usijifanye hutujui," shemeji alimtania.

"Nitawapungia mkono kwenye kioo."

Miezi mitano ikapita hivyo, na siku za kuula wa chuya zikapungua.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mtihani, aliingia fahali mweusi aliyekuwa ameshapinda nondo mbili kule uani. Shingoni mwa Dakika Mbili kulikuwa na swali la mashine. Mashine tatu zinafunga maboksi tisini kwa saa mbili. Tano zitafunga mangapi kwa saa tatu? Alikuwa ameshajibu mia na themanini, na shemeji ametikisa kichwa. Ikamkera. Akaweka bastola, akapiga, fahali akaanguka, naye midomo bado inahesabu. Jicho hakuligusa.

"Haya!" alisema.

Shemeji akavuta mlango, akainama na mnyororo. Fahali akanyanyuka.

Alimbeba shemeji kwa kichwa, akambamiza ukutani, akarudi nyuma, akambamiza tena. Mkono wa kulia ulibaki kati ya pembe na saruji, na mlio wa mifupa ile waliusikia hata wachuna ngozi. Dakika Mbili hakungoja kujaza bastola. Aliruka kutoka kidarajani, akaokota kisu cha shemeji kwenye utelezi wa damu, akakididimiza shingoni mwa fahali. Fahali akamrusha. Kichwa kikagonga bomba, akaona giza, akarudi kwa magoti, akachoma tena, na tena, damu ikimwingia mdomoni, mpaka mnyama akapiga magoti, kisha akalala ubavu. Hata hapo hakuacha. Alichoma kile kichwa, akachoma macho yote mawili. Wanaume watatu ndio waliomng'oa pale.

"Ameshakufa, dada! Ameshakufa!"

Hospitali waliukata ule mkono juu ya kiwiko.

Ijumaa mchana msimamizi wa machinjio alifika wodini na fomu. Utaratibu ulikuwa wazi: mvuta mlango akivuta kabla ya kuambiwa "haya", kosa ni lake mwenyewe, kazi hana, matibabu hayalipwi. Kosa likiwa la mwenye bastola, huyo ndiye anayefukuzwa, na majeruhi anahudumiwa.

"Nani alikosea?" msimamizi aliuliza.

"Mimi," shemeji alisema. "Nilivuta mapema."

Dakika Mbili alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Alifungua mdomo. Shemeji akamkazia macho, naye akaufumba. Hapa simtetei. Alinyamaza kwa sababu alitaka kwenda chuo, basi.

Msimamizi alipotoka, shemeji alisema polepole, "Ukisema leo, kesho utaamkia polisi ukiandika maelezo. Mkono hauoti tena, shemeji. Kafanye mtihani."

Jumamosi asubuhi dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea, alikuja kumsindikiza. Alitoka moja kwa moja hospitali, macho yamevimba. Njia nzima aliongea yeye.

"Nimeolewa na mjinga, mdogo wangu! Miaka yote ile, halafu avute mlango kabla! Nimemtukana, nimemwambia bora fahali angemmaliza. Amelia kama mtoto, wala hajanijibu."

Walipofika kwenye geti la chuo, Dakika Mbili alisimama.

"Dada, si yeye. Ni mimi. Nilisema haya na fahali yu hai. Nilikuwa nahesabu maboksi."

Dada alimtazama. Kisha ngumi ikatua mdomoni. Ya pili ikampasua mdomo wa juu, ya tatu ikalegeza jino. Alimshika nywele, akamgongesha kwenye nguzo ya geti. Watahiniwa waliovaa mashati yaliyopigwa pasi wakasogea pembeni. Mlinzi akaja mbio.

"Usinishike! Huyu ni wangu!" dada alifoka, na mlinzi akaona isiwe taabu.

Dakika Mbili, aliyemuua fahali kwa kisu, hakuinua hata kidole.

Dada akaacha, akihema.

"Ukitoka humu tunakwenda wote kwa msimamizi. Utasema kila neno."

"Ndiyo, dada."

"Watakufukuza. Wakitaka, watakufunga."

"Najua."

"Basi kule huna pa kurudi tena. Ingia."

Hakusogea. Dada akamkamata ukosi, akamsukuma ndani ya geti kwa mikono miwili.

"Ingia, nimesema! Mume wangu ametoa mkono mzima kwa ajili ya hili. Ukifeli nitakuua, Mungu ananisikia!"

Mwalimu aliyesimama mlangoni alimtazama mtahiniwa wake, damu inatiririka mpaka kifuani.

"Mama, umevamiwa?"

"Hapana, mwalimu. Nimesindikizwa na dada."

Alipewa kiti cha dirishani na kipande cha pamba. Kengele ikalia, karatasi zikafunuliwa. Nje, dada alikuwa amekaa kwenye vumbi, ngumi imevimba, akimlilia kwa sauti mume ambaye yeye mwenyewe alimtukana usiku kucha kwa kosa lisilo lake. Dakika Mbili alimsikia mpaka swali la kumi na nne. Baada ya hapo akawa anahesabu tu.