Kiitikio cha Mama Chintan

Ukitaka kumpata Shamsa pale Kariakoo, usiulize nyumba ya baba yake. Uliza tu, "Yuko wapi yule anayewatoa jasho wake za watu?" Utapelekwa ghorofa ya tatu ya jengo moja kuukuu, juu ya maduka ya mabegi, kwenye ukumbi wenye kioo kilichofubaa. Hapo, kila baada ya swala ya alasiri, wanawake hurukaruka mpaka vumbi la dari liwadondokee. "Kitambi hakiondoki kwa kukinunia," huwaambia, nao hucheka huku wanahema.

Zamani alikuwa akiuza vitambaa katika duka la Mama Chintan, Mhindi aliyezaliwa Kisutu na kuzeekea hapo hapo. Alipoacha kazi ili afundishe mazoezi, watu walimcheka. Siku ya kwanza ukumbi ulikuwa mtupu. Akapanda ngazi mtu mmoja tu, Mama Chintan, kavaa raba mpya na suruali pana, akasema daktari kamwambia sukari haiogopi dawa, inaogopa jasho. Wakafanya mazoezi wawili mpaka adhana ya magharibi. Tangu hapo Shamsa alimpenda kama mzazi, na nafasi ya mbele, upande wa kulia, ikawa ya mama huyo.

Mwaka huu ukaingia wimbo mmoja wa singeli, mbio zake za kukata pumzi. Aliyeuleta ni Kuruthumu, muuza mabegi mwenye mdomo usio na breki, na darasa likaupenda kuliko nyimbo zote. Sasa Shamsa ana desturi yake: kiitikio kikifika anazima spika, wanafunzi waimbe wenyewe. Anawapima pumzi. Yeye wakati huo huwa anahesabu kwa kelele, kwa hiyo miezi yote hiyo hakuwahi kuyasikia maneno yake sawasawa.

Siku moja aliamka na mafua, sauti imekauka. Kiitikio kilipofika akazima spika, akabaki kimya.

"Ponjoro panda boti, rudi kwenu! Ponjoro panda boti, rudi kwenu!"

Bila ngoma, maneno yalikuwa uchi. Wanawake wema wale, wanaozikana na kuuguzana, walikuwa wanapiga kelele za tusi la Wahindi huku wanatabasamu, macho yao hayamwoni mtu. Na katikati ya sauti zile ilikuwepo moja nyembamba, inayozitangulia nyingine kidogo. Shamsa akatazama kwenye kioo. Mdomo wa Mama Chintan ulikuwa unafunguka na kufungika pamoja na yao. Mikono inapiga makofi. Tabasamu limekaa usoni, halisogei.

Darasa lilipokwisha Shamsa alimfuata kwenye ngazi.

"Mama, unisamehe. Yale maneno ya wimbo sikuyajua."

"Maneno gani?"

"Yale ya kuwatukana. Na wewe unaitikia!"

Mama Chintan akashika ukuta, akashuka hatua moja, akageuka. "Shamsa, binti yangu, mimi mtu wa hapa. Neno hilo lilikuwepo kabla ya wimbo. Nikiitikia, niko na nyinyi. Nikinyamaza, ndipo mtaniona. Uache wimbo wako ulivyo."

Aliyasema kwa upole kabisa, na upole ule ndio uliomtisha Shamsa.

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Kesho yake aliufuta wimbo, akasimama mbele ya darasa kifua mbele. "Jamani, ule wimbo basi. Unawatukana Wahindi, na humu tuna mama yetu."

Vichwa vyote vikageuka. Ukumbi mzima ulimtazama Mama Chintan, pengine kwa mara ya kwanza.

"Kwani umekasirika, Mama Chintan?" Kuruthumu akauliza, na aliuliza kwa moyo safi. "Si tunacheza tu? Sisi na wewe hatuna neno."

Mama Chintan akawatazama mmoja mmoja. Kisha tabasamu likapanda usoni, akanyanyua mikono, akaanza mwenyewe.

"Ponjoro panda boti, rudi kwenu!"

Hakuna aliyeitikia. Akarudia, kwa kasi zaidi, raba zake zikilia sakafuni. Akarudia tena. Sasa kila mtu aliyasikia maneno, na hakuna aliyejua atazame wapi. Kuruthumu alijiziba mdomo kwa mtandio.

"Basi, mama," Shamsa akamwomba. Alijuta kuzaliwa. "Basi, nakuomba."

"Itikieni," alisema Mama Chintan, pumzi zinamwishia, tabasamu lingali pale pale. "Mbona hamuitikii?"

Shamsa akamwendea, akamshika mikono yote miwili. Ilikuwa ya baridi. Wimbo ulikatika, lakini ndani ya viganja vya Shamsa mikono ile iliendelea kutafutana, inapiga makofi yasiyo na sauti.