Karte Bila Mwaka

Mama yangu anakaa kando ya muto Naviundu. Alikuwa anakaa, niseme. Nyumba ya matofali ya kuchoma, mabati, muti wa avoka mu kiwanja.

Bwana yangu aliandika mémoire ya géographie, ile kazi ya kumaliza université, juu ya ile kando ya muto. Alipita avenue zote na telefone mu mukono, anapima nyumba, isipokuwa ya mama. Sababu? Bukwe. Kwetu mwanaume hapiti ovyo kwa mama mukwe wake, na mama mukwe akimuona anajifunika kitenge, anageuka. Heshima. Basi ile kipande akaitoa ku internet: picha ya satelite ya zamani, mama hajajenga bado. Kichaka tu.

Chini ya karte, ile ramani yake, akaandika: «Source: l'auteur», ni kusema yote imetoka kwake mwenyewe. Basi.

Mimi nilifika humanités tu, masomo ya sekondari, lakini hata sisi mwalimu alitupigia kelele: karte inasema nani aliichora, picha ilitoka wapi, ya mwaka gani. Nikamuambia bwana yangu:

—Papa, andika mwaka. Na useme picha si yako.

—Weye nyonyesha mutoto.

—Nyumba ya mama iko wapi hapa?

—Chérie, échelle ni ndogo, karte haiwezi kuonyesha kila kitu.

Muongo. Choo ya jirani iliingia mu hiyo échelle.

Balimupa diplôme, nikachoma kuku. Kisha tajiri moja mwenye kutamani kiwanja ya mama akaona ile karte, akaipeleka ku ofisi ya kartier, ya mutaa wetu: muangalie, musomi mwenyewe anaonyesha kichaka, huyu mama amevamia juzi. Neno moja tu lingemuokoa mama: ile picha iko ya zamani.

Nilimupigia magoti bwana yangu. Mimi, na mutoto mu mugongo.

—Enda useme mwaka.

—Niseme picha ni ya bengine? Na diplôme yangu? Tena mbele ya bukwe?

Bukwe! Nyumba ianguke, lakini heshima yake ibaki imepigwa pasi.

Siku ya kubomoa nyumba, bwana yangu alikuja. Akasimama mbali, ku barabara, na kashati kake keupe. Bantu banangoa mabati, mama akamuona. Akavuta kitenge juu ya kichwa, akageuka, akaniuliza polepole:

—Bukwe yangu amekula?

Nikajibu kwa nguvu, asikie kule aliko:

—Hapana, mama. Na kwangu hatakula tena.