Mkata Nyama Ambaye Hakuulizwa

Miaka thelathini na mmoja alisimama nyuma ya meza ya bucha, na mtaa mzima ulimwita Kisu. Nyama aliigusa kwa kidole gumba tu, akajua imelala siku ngapi. Vidole vilipoanza kukakamaa, aliacha kazi akahamia kwa binti yake, kwenye chumba cha nyuma karibu na sinki la kufulia.

Huko alimkuta mbwa. Mbwa mwenyewe kazeeka, meno yamekwisha, anajikuna mchana kutwa mpaka mgongo umebaki ngozi tupu. Mkwe wake, fundi wa kompyuta, alikuwa amempa jina la Mzee. Basi ikawa akiita, "Mzee, njoo ule!" wanageuka wawili. Binti alicheka sana. Baba mtu hakucheka.

Siku moja mezani mkwe akazua hoja: mbwa apewe nyama mbichi. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba chakula cha mfuko ndicho kinachomharibu ngozi. Binti akasitasita. Wakajadiliana siku nne, wakatazama video, wakamuuliza hata jirani anayefuga paka. Kisu alikuwa amekaa hapohapo, anakunywa chai yake.

Siku ya tano uvumilivu ukamwishia.

"Nyama mbichi sina ugomvi nayo," alisema. "Lakini mbwa huyu hana meno, na humu ndani mna mtoto anayetambaa. Mbwa atakula sakafuni, mtoto atapita palepale, kisha vidole mdomoni. Mimi meza yangu niliiosha kwa maji ya moto mara tatu kwa siku, na bado nilikuwa na wasiwasi."

"Baba, siku hizi mambo yamebadilika," binti akasema.

"Nyama haijabadilika."

Mkwe akatabasamu kama anayembembeleza mtoto. "Tumekusikia, baba. Ila wenzetu wamelifanyia utafiti." Akamsogezea ubao wa kukatia nyama. "Wewe tusaidie kukata tu. Hapo ndipo penye utaalamu wako."

Akakata. Angeweza kukataa, na baadaye hilo ndilo lililomkereketa. Lakini ilikuwa miaka miwili hajashika kisu, na mikono ilifurahi kabla kichwa hakijaamua.

Wiki ya kwanza mbwa alikula mpaka akaramba ukuta. Siku ya tisa akaanza kutapika. Siku ya kumi na moja mtoto akashikwa na homa na kuhara, akalazwa, akatundikiwa dripu siku tatu. Alipopata nafuu, mbwa naye akapelekwa kwa daktari wa mifugo. Kisu alikwenda nao, ndiye aliyembeba mbwa.

"Hana meno huyu, na nyumbani mna mtoto mdogo," daktari akasema. "Nyama mbichi acheni kabisa, mchemshieni. Na huku kujikuna ni viroboto tu."

Binti akaandika kila neno. Hakuinua macho kumtazama baba yake.

Njiani, ndani ya gari, mkwe akajikohoza. "Labda ule ubao haukuoshwa vizuri."

Kisu alimsubiri binti yake aseme neno. Kisu ndiye aliyekuwa akiuosha ule ubao kila siku, mbele ya macho ya binti huyo. Binti akageukia dirishani.

Walipofika, ubao ukatupwa. Kile kisu alichokatia nyama alikikuta juu ya kabati, mahali pa kufichia watoto vitu.

Jioni binti alimfuata chumbani. "Baba, usiliweke moyoni. Mwenzangu alikuwa na hofu ya mtoto."

"Na wewe ulikuwa na nini?"

Binti akakunja shuka lililokuwa limeshakunjwa, akatoka.

Kisu aliwaza kuondoka. Lakini aende wapi? Bucha ilikuwa imeshageuzwa saluni. Akabaki. Tangu siku hiyo akawa anakula baada yao, peke yake, na aliyemuuliza sababu hakuwepo.